Anayekata Ndiye Asemaye Mwisho: Mhariri wa Filamu za Biashara na Sura ya Kaskazini Mashariki

(Mhadhara uliotolewa mjini Garissa mbele ya walimu, wanafunzi, wafanyabiashara na wananchi)



  

Lengo langu leo ni kueleza kazi ya mhariri wa filamu za biashara: anafanya nini, anahitaji tabia gani, na anapataje riziki yake. Kutokana na maelezo hayo nitajaribu kuwathibitishia kwamba Garissa, Wajir na Mandera zinahitaji wahariri wazaliwa wa hapa, na kwamba haja hiyo ni kubwa kuliko haja ya kamera. Kamera tunazo. Karibu kila kijana hapa ana moja mfukoni.

Ninaposema filamu za biashara sikusudii matangazo ya televisheni peke yake. Nakusudia tangazo la sekunde 30, video ya harusi, filamu ya shirika la misaada inayoomba fedha, video ya serikali ya kaunti ikizindua kisima, video ya mgombea wakati wa kampeni, na sinema inayouziwa tiketi. Zote zinafanana kwa mambo mawili. Yupo anayelipa, na yupo mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akiamua kipi kibaki na kipi kitoke. Mtu huyo wa pili ndiye ninayemzungumzia. Nina hoja tano.

Hoja ya kwanza: Maana huzaliwa pale picha mbili zinapokutana

Yapata miaka mia moja iliyopita, mtengenezaji filamu wa Urusi aitwaye Lev Kuleshov alifanya jaribio ambalo wanafunzi wa uhariri husimuliwa mpaka leo. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu usioonyesha furaha wala huzuni. Akaiunganisha na picha ya sahani ya supu, kisha na picha ya maiti ndani ya jeneza, kisha na picha ya mtoto akicheza. Mwanafunzi wake, Vsevolod Pudovkin, alieleza baadaye kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji yule kwa jinsi alivyoonyesha mawazo mazito, majonzi na furaha. Uso ulikuwa ule ule mmoja. Kilichobadilika ni jirani yake.

Sasa tulilete jambo hili nyumbani. Chukueni picha ya mzee wa Kisomali, ndevu zimetiwa hina, kofia kichwani, anatazama mbali bila kusema neno. Mhariri akifuatisha picha ya bunduki, mzee huyo amekuwa mtu wa kutiliwa shaka. Akifuatisha picha ya ngamia wakinywa maji kisimani, amekuwa mfugaji anayehesabu mali yake. Akifuatisha picha ya msichana akijibu swali darasani, amekuwa baba. Mzee mwenyewe hakufungua mdomo. Aliyemsemea ni mhariri, naye huenda hajawahi kuvuka daraja la mto Tana.

Ndugu zangu, kwa miaka mingi jirani wa picha yetu amekuwa bunduki au mzoga. Eneo hili la Kaskazini Mashariki liliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu zama za vita vya shifta, yaani vita vya kujitenga, hadi 1991. Mwaka huo huo wakimbizi kutoka Somalia walianza kumiminika, na kambi za Dadaab zikaanzishwa. Kamera nyingi zilizokuja zilifuata vita, ukame na wakimbizi, na huwezi kuhariri kitu ambacho hakikupigwa picha. Lakini hata zile zilizopiga picha za soko la mifugo la Garissa, za akina mama wa biashara ya maziwa ya ngamia, za vijana wakicheza mpira jioni, picha hizo zilibaki katika diski. Ziliachwa kwenye meza ya mhariri, na aliyeziacha hakuwa na sababu ya kuzipenda.

Tazameni filamu ya Black Hawk Down ya 2001, iliyosimulia mapigano ya Mogadishu ya 1993. Ilipigwa Moroko. Mhariri wake, Pietro Scalia, alipata tuzo ya Oscar kwa uhariri, na kwa ufundi aliistahili: mapigano yale yanakwenda kwa kasi na bado mtazamaji hapotei. Lakini katika filamu ile askari wa Marekani wana majina, wana mama zao, wana barua za nyumbani, na Wasomali kwa sehemu kubwa ni umati unaokimbia barabarani. Ustadi haukupungua hata chembe. Kilichopungua ni majina.

Halafu tazameni Watu Wote ya 2017, filamu fupi iliyotokana na tukio la Disemba 2015, pale basi lililokuwa likielekea Mandera liliposhambuliwa na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile na akafariki mwezi uliofuata. Filamu hiyo iliongozwa na Katja Benrath, aliyekuwa mwanafunzi wa Hamburg Media School huko Ujerumani, ikaigizwa na Wakenya, na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania Oscar. Ni filamu ya heshima na nawashukuru walioitengeneza. Swali langu kwenu ni hili: kwa nini kisa kikubwa namna ile, kilichotokea kwetu, kilisubiri wanafunzi kutoka Hamburg? Ushujaa tulikuwa nao, na wasimulizi hatujawahi kuwakosa katika ardhi hii. Tulikosa watu waliofundishwa kuketi mezani na kuyageuza masimulizi yawe filamu.

Hoja ya pili: Kazi ya mhariri ni kutoa kuliko kuweka

Watu hudhani mhariri anaunganisha vipande. Ni kweli, lakini muda wake mwingi huishia katika kuacha. Filamu ya Apocalypse Now ya 1979 ilirudi kutoka Ufilipino na picha za zaidi ya saa 230. Walter Murch, mmoja wa wahariri wake, aliandika kwamba kwa kila dakika moja iliyoonyeshwa, dakika zipatazo 95 hazikuonyeshwa. Anayefanya kazi hii lazima akubali kwamba sehemu kubwa ya anachokitazama hakuna mwingine atakayekitazama.

Katika tangazo hesabu ni finyu zaidi. Televisheni yetu huonyesha fremu 25 kwa sekunde. Tangazo la sekunde 30 lina fremu 750, basi. Ndani ya fremu hizo 750 lazima mtazamaji ajue ni nani anazungumza, ana shida gani, bidhaa gani inauzwa na inapatikana wapi. Fremu sita zikizidi, ambazo ni karibu robo ya sekunde, neno la mwisho litakatwa na kituo cha televisheni. Fremu sita zikipungua, tabasamu la mwigizaji halikomai. Nimewahi kukaa usiku mzima juu ya robo ya sekunde, na sioni kama nilipoteza usiku ule.

Vijana, mtaniuliza hatua zenyewe ni zipi. Kwanza ni kunakili kadi ya kamera mara mbili, katika diski mbili tofauti, kabla ya mtu yeyote kuigusa. Hapa Garissa sisitizeni hatua hii maradufu, kwa sababu joto na vumbi ni maadui wa diski, na umeme ukikatika katikati ya kunakili faili huharibika. Ya pili ni kutazama kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho, kalamu mkononi. Ya tatu ni kuoanisha sauti na picha. Ya nne ni mkato wa kwanza, ambao kwa kawaida ni mrefu na unachosha. Ya tano ni kukata tena na tena, mteja na mwongozaji wakitoa maoni, hadi wote wakubaliane kwamba picha sasa imefungwa. Hapo ndipo sauti, muziki na rangi hukamilishwa, na kazi hutolewa kwa maumbo mawili: pana kwa televisheni, wima kwa simu.

Wakati mwingine kutoa ndiko kunakoiokoa kazi nzima. Katika filamu ya Jaws ya 1975, papa wa mitambo aliharibika mara kwa mara kule baharini. Mwongozaji Steven Spielberg alilazimika kupiga picha nyingi bila papa, na mhariri Verna Fields akazikata hivi kwamba papa haonekani kwa muda mrefu. Tunaona maji, tunaona miguu ya waogeleaji, tunasikia muziki, na hofu inazidi kuliko kama tungemwona. Fields alipata Oscar kwa kazi hiyo. Filamu za biashara zilizotajirisha watu zimepitia mikono ya namna hii.

Hoja ya tatu: Tabia ya mhariri hujengwa juu ya nguzo nne

Nguzo ya kwanza ni uvumilivu. Mwaka 2020 filamu ya Kenya iitwayo Softie, inayomhusu mwanaharakati Boniface Mwangi, ilipata tuzo maalumu ya uhariri katika tamasha la Sundance huko Marekani. Mwongozaji wake, Sam Soko, alimfuata mhusika wake kwa miaka kadhaa, na tuzo hiyo aliipokea pamoja na wahariri wenzake Mila Aung-Thwin na Ryan Mullins. Zingatieni kwamba jopo la Sundance lilichagua kuutuza mkato wenyewe. Wakenya tunaweza kusimama katika kazi hii na kutambuliwa duniani.

Nguzo ya pili ni sikio. Mhariri mzuri husikia sentensi inapoisha. Wengi wenu mnajua kwamba katika Kisomali kitenzi mara nyingi huja mwishoni. Mtu asiyejua lugha, akiwa Nairobi au London, husikia pumzi ya msemaji, akadhani sentensi imekwisha, akakata. Mama amesema juu ya watoto wake na juu ya maji, lakini alichosema kuhusu watoto na maji kimebaki sakafuni. Kisha mfasiri anaandika chini ya picha kile anachokisia. Hali ni hiyo hiyo kwa Waorma, kwa Waborana, na kwa Wamunyoyaya walio ukingoni mwa mto wetu hapa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na lugha usiyoisikia hujui pa kuikata.

Nguzo ya tatu ni kuridhika bila kujulikana. Nikiuliza hapa ni nani ameona Nairobi Half Life ya 2012, naona mikono mingi imeinuka. Ahsanteni. Na ni nani anajua aliyeihariri? Mikono imeshuka yote. Ni Mkaiwa Mwingo. Supa Modo ya 2018, iliyowatoa watu machozi, ilihaririwa na Charity Kuria. Mwigizaji hupigiwa makofi ukumbini, naye mhariri huketi nyuma akisikiliza kama watu wamecheka pale alipokusudia wacheke. Kijana anayetafuta umaarufu aende mbele ya kamera. Anayetaka kuwa na hakika kwamba jambo limesemwa sawasawa, meza hii inamfaa.

Nguzo ya nne ni ujasiri wenye adabu. Mhariri ni mtazamaji wa kwanza. Hakusimama juani siku ya kupiga picha, hajui kwamba picha fulani iligharimu pesa nyingi au mwongozaji aliipata kwa taabu. Yeye anaona kilichomo ndani ya fremu tu. Kwa hiyo ni wajibu wake kumwambia mwenye mali: picha hii ni nzuri lakini haisaidii, itoke. Kulisema hilo kwa mtu aliyekuzidi umri, tena anayekulipa, kunahitaji moyo na ulimi laini kwa pamoja. Malezi yetu ya kuketi na wazee, kusubiri zamu na kupinga hoja bila kumvunjia mtu heshima, ni shule nzuri ya jambo hilo. Tusiyadharau.

Hoja ya nne: Mhariri hushika amana

Hapa naomba masheikh wetu na akina mama wanisikilize kwa makini.

Tuanze na harusi, kwa maana harusi ndiyo inayowalisha wengi wa wahariri wetu. Katika nyumba zetu upande wa wanawake hupigwa picha na wanawake, na mabinti hujipamba humo wakijua kwamba hakuna jicho geni. Lakini kadi ile ya kamera huenda wapi baadaye? Ikiwa inapelekwa kwa kijana wa kiume mjini akaihariri, pazia lile lilikuwa na faida gani? Tukiwafundisha mabinti zetu kupiga picha bila kuwafundisha kuhariri, tumefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Historia ya kazi hii iko upande wao. Margaret Booth alisimamia uhariri katika studio ya MGM kwa miongo kadhaa, na waongozaji wakubwa walisubiri neno lake.

Sheria pia ipo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitambua picha ya mtu kuwa sehemu ya habari zake binafsi. Anayetumia uso wa bibi harusi kujitangaza mtandaoni bila ridhaa yake amevunja amana na sheria pia.

Wasomali wana urithi ambao kila mhariri angefaa kuutafakari. Mashairi makubwa yalisafirishwa na wahifadhi, watu walioyabeba kichwani kutoka kisima hadi kisima. Mhifadhi hakuruhusiwa kubadili maneno, na alipaswa kumtaja mtunzi. Mtasema mhariri ni kinyume chake, maana yeye hutoa tisini na kubakisha kumi. Mimi nasema wanafungwa na ahadi ile ile. Mhifadhi hukaa mwaminifu kwa maneno, mhariri kwa maana. Baada ya kukata kote, msemaji akijitazama lazima aweze kusema: ndiyo, hivyo ndivyo nilivyokusudia.

Na sasa niseme jambo zito. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika chuo kikuu kilicho hapa mjini. Siku zile picha za miili zilisambazwa mitandaoni, na wazazi walizikuta katika simu. Kisha Wakenya wengi wakageuka. Wakaanza kuwataja marehemu kwa majina na kuweka picha za uhai wao: siku ya mahafali, siku ya sikukuu, wakiwa na wadogo zao. Kwangu mimi, huo ulikuwa uhariri uliofanywa na taifa. Watu walikuwa na picha mbili mbele yao, wakachagua ile inayomrudishia mtu utu wake. Mhariri hufanya uchaguzi huo kila siku ya kazi, mara nyingi akiwa peke yake na hakuna anayemwona.

Hoja ya tano: Ni kazi yenye riziki, ikiendeshwa kama kazi

Wazazi huniuliza: kijana wangu atakula nini? Jibu langu ni kwamba soko lipo. Tangu serikali za kaunti zianze 2013, kila idara inataka video. Mashirika ya misaada yanataka filamu za miradi yao. Hoteli, shule, maduka ya vifaa vya ujenzi na wauzaji wa nguo wanataka matangazo ya simu. Mtambo wa umeme wa jua wa Garissa, uliozinduliwa 2019, una uwezo wa takriban megawati 55, na ni kisa tosha cha filamu kwa mtu atakayejua kukisimulia. Tatizo ni kwamba kazi nyingi kubwa hupigwa picha hapa na kuhaririwa Nairobi, kwa hiyo hata fedha zake huishia huko.

Nawapa vijana kanuni nne za biashara. Andikeni mkataba, hata kwa binamu. Chukueni malipo ya mwanzo kabla ya kuanza. Tajeni idadi ya marekebisho mtakayofanya kwa bei hiyo, kwa sababu mteja asiyewekewa mpaka hataacha kubadili mawazo. Na msikabidhi kamwe kazi ya mwisho kabla ya malipo ya mwisho. Programu si kikwazo tena: zipo nzuri zisizolipiwa. Lakini muziki si wa bure. Ukiuweka wimbo wa msanii katika tangazo bila ruhusa umemla mwenzako jasho lake.

Hitimisho

Waheshimiwa, mhariri anayeijua ardhi hii ndiye atakayeibadili sura yake mbele ya Wakenya wenzetu na mbele ya dunia. Ninayo mapendekezo.

La kwanza, vyuo vyetu vya ufundi katika kaunti zote tatu vifundishe uhariri kama vinavyofundisha ushonaji na umeme, na nusu ya nafasi wapewe mabinti. Chuo Kikuu cha Garissa kingeweza kuongoza. Mfano upo karibu: shirika la FilmAid limewahi kuwafundisha vijana wa Dadaab kutengeneza filamu. Kama yamewezekana kambini, mjini hayashindikani.

La pili, kila anayekuja kupiga filamu hapa, awe shirika au kampuni, ashikwe na sharti la kumchukua mhariri msaidizi wa hapa na kumketisha mezani hadi picha ifungwe. Kaunti zina uwezo wa kuliandika sharti hilo katika zabuni zao wenyewe.

La tatu, tuanzishe hazina ya picha za eneo letu. Wazee wanaondoka na masimulizi yao. Harusi, masoko, mvua za neema na mafuriko, yote yamelala katika diski za watu binafsi yakingoja kufutwa. Maktaba yetu iyapokee, iyaorodheshe na iyatunze, ili mhariri wa kesho akitafuta jirani wa kuweka kando ya uso wa mzee wetu, asikute bunduki tu.

La nne ni lenu nyinyi vijana, na halihitaji bajeti ya mtu. Anzeni wiki hii. Chukua simu, umrekodi nyanya yako kwa dakika kumi akieleza jinsi alivyokuja mjini. Kisha ikate video hiyo hadi dakika moja, bila kuipotosha maana yake, umwonyeshe mwenyewe kwanza kabla ya mtu mwingine. Akisema umemsema vizuri, umeanza kazi. Akisema hapana, rudi mezani ukate upya.

 Maswali nayapokea, na ningependa tuanze na akina dada.